Bendera ya Hamsini

Saa saba na nusu mchana, siku ya Jumamosi, Swali alipita geti la kituo cha kupozea umeme akiwa na chakula cha baba yake ndani ya kopo la bati. Mlinzi alimfungulia bila kumhoji, kwa sababu alikuwa akimfungulia tangu yuko darasa la pili.

"Leo umekuja na maswali mangapi?" mlinzi alimtania.

"Moja tu."

"Mwongo wewe. Haya, pita."

Jina hilo la Swali walimpa wafanyakazi wa kituo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa hawezi kukiona kitu bila kuuliza kinafanya nini. Baba yake alikuwa mwendeshaji wa mitambo. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba cha udhibiti, kusoma vipimo, na kukata au kurudisha umeme wa laini zinazotoka pale, kila mara kwa ruhusa ya kituo kikuu kwa njia ya simu. Sheria ilisema mtu asiye mfanyakazi asiingie chumba kile. Baba yake aliijua sheria hiyo, lakini alimruhusu Swali akae kwenye stuli iliyokuwa karibu na mlango, mradi mikono yake ibaki mapajani.

"Kutazama ruksa, kugusa mwiko," alikuwa akimwambia.

Ukutani kulisimama makabati ya chuma ya rangi ya kijivu, moja kwa kila laini. Kila kabati lilikuwa na visanduku vyeusi vyenye vioo mbele. Visanduku hivyo ndizo relei. Relei ni mlinzi wa umeme. Haiwezi kuzuia hitilafu isitokee, ila huihisi, kisha huiamuru swichi kubwa iliyo nje, ambayo mafundi huiita breka, ikate umeme kabla mitambo haijaungua au mtu hajafa. Breka ikifunguka, umeme hukatika; ikifungwa, umeme hupita.

Chini ya kila kisanduku paliandikwa namba. Namba hizo hazikubuniwa na watu wa kituo kile. Mafundi wa nchi nyingi huzitumia zilezile, ili fundi ajue kazi ya kifaa hata kama hajui lugha ya mwenzake aliyekifunga. Breka ni hamsini na mbili. Relei ya hamsini hukata papo hapo mkondo unapozidi mno, kama vile waya unapoanguka karibu. Hamsini na moja nayo huhisi mkondo uliozidi, lakini hungoja kidogo, pengine hali itatulia yenyewe. Ishirini na saba hukata umeme volteji, yaani msukumo wake, inaposhuka, kwa sababu mota hupata joto na kuungua zikilishwa umeme hafifu. Themanini na sita huzima kila kitu, na hakiwaki tena mpaka mtu aje mwenyewe, aone, aizungushe kwa mkono.

Wafanyakazi walizizoea namba hizo hata wakazifanya majina ya utani. Msimamizi wa kituo, mzee asiyekubali jambo lolote kabla hajaliona kwa macho yake, alikuwa Themanini na Sita. Mama yake Swali, ambaye hakuwahi hata kufanya kazi pale, walimwita Hamsini, tangu siku aliyokuja getini kumfuata mumewe aliyeondoka na ufunguo wa nyumba, akawaka papo hapo.

"Na wewe baba ni namba gani?" Swali aliwahi kuuliza.

"Mimi hamsini na moja. Mama yako akiwaka, nangoja kwanza. Mara nyingine linapita."

Jambo jingine Swali alilijua vizuri. Relei ikifanya kazi, bendera ndogo nyekundu huanguka nyuma ya kioo chake. Bendera hiyo hubaki chini mpaka mtu aisukume juu kwa kitufe kilicho chini ya kioo. Kanuni ilikuwa fupi: soma bendera, andika, ndipo uirudishe. Swali alikuwa amemwona baba yake akifanya hivyo mara nyingi.

Jumamosi hiyo baba alikuwa ndiyo kwanza ameondoa mfuniko wa kopo, pale mlio mzito uliposikika nje. Taa zikafifia, zikarudi. Kengele ikaanza kulia. Breka ya laini ya pampu, inayopeleka umeme kwenye pampu za maji za mji, ilikuwa imekata.

Baba aliinyamazisha kengele. Wiki iliyotangulia breka hiyohiyo ilikuwa imekwama katikati, haikufunguka wala haikufungika, na fundi mmoja aliponea chupuchupu. Kwa hiyo alitaka kwanza kuhakikisha imefunguka kweli.

"Kaa hapohapo," alisema, akatoka nje.

Hakuzisoma bendera kabla ya kutoka. Hilo lilikuwa kosa lake, na baadaye alilitaja mwenyewe bila kuulizwa.

Swali alibaki peke yake. Kwenye kabati la laini ya pampu aliona bendera mbili zimeanguka, ya hamsini na ya ishirini na saba. Baba alikuwa amepita mbele ya kabati lile akielekea mlangoni, na Swali alidhani ameshazisoma. Akafikiri kwamba baba akirudi na kukuta kazi imekwisha fanyika, atafurahi. Akashuka kwenye stuli, akasukuma kitufe cha hamsini. Bendera ilipanda kwa mlio mdogo, tik. Alikuwa anapeleka kidole kwenye ishirini na saba aliposikia viatu vya baba kwenye kokoto. Akarudi mbio kwenye stuli na kuweka mikono mapajani.

Baba aliingia, akasimama mbele ya kabati, akaandika.

"Umeona?" alisema bila kugeuka. "Ishirini na saba peke yake. Umeme umeyumba huko unakotoka. Laini yetu haina tatizo."

Swali alifungua mdomo, lakini simu ya kituo kikuu ikalia.

"Laini ya pampu imekata," baba alisema kwenye simu. "Breka imefunguka vizuri, nimeiona. Bendera ni ishirini na saba peke yake."

Sauti ya upande wa pili ilisikika wazi chumbani. "Hata sisi huku tumeona volteji ikishuka. Imesharudi sawa. Hamsini haikuanguka?"

"Haikuanguka."

"Basi funga breka."

Kama wangejua kwamba hamsini imeanguka, wasingefunga. Wangetuma watu waikague laini yote kwa miguu kwanza. Volteji ilishuka kweli, ila ilishuka kwa sababu waya uliokuwa umekatika nje ya kituo uliuvuta umeme mwingi kwa ghafla. Swali hakuyajua yote hayo. Alijua tu kwamba bendera zilikuwa mbili na baba amesema moja. Alijua pia kwamba akisema, hatakaa tena kwenye stuli ile. Akaifikiria stuli, akanyamaza.

Baba alizungusha mkono wa swichi ya kabatini. Breka ilifunga kwa kishindo, na papo hapo ikafunguka tena. Bendera ya hamsini ikaanguka mbele ya macho yake. Aliitazama kama mtu aliyeona nyoka kitandani. Kisha barabarani, nje ya uzio, watu wakaanza kupiga mayowe.

Karibu na nguzo ya kwanza nje ya uzio palikuwa na kibanda cha fundi baiskeli. Waya ulikuwa umekatika na kulala barabarani mbele ya kibanda. Fundi aliona taa yake, iliyolishwa na laini hiyohiyo, imezimika, akajua umeme hakuna. Watoto walikuwa wanakuja na madumu ya maji. Aliwapigia kelele wasimame, akainama kuuvuta waya kando. Alikuwa ameushika kwa mkono wa kulia breka ilipofungwa.

Relei ya hamsini ilikata haraka, ndiyo maana alibaki hai. Hospitalini madaktari walijitahidi kuuokoa mkono, wakashindwa. Waliukata chini kidogo ya kiwiko.

Fundi huyo alikuwa baba yake Spoku. Spoku alikuwa mwembamba na mrefu kama spoku ya gurudumu la baiskeli, na ndiye aliyekaa dawati moja na Swali tangu darasa la kwanza.

Spoku hakuja shule wiki nzima. Aliporudi alikaa mahali pake pa kila siku, akatoa kalamu, lakini hakuandika.

"Anasema vidole vinamuuma," alimwambia Swali kwa sauti ya chini mwalimu alipogeukia ubao. "Vidole ambavyo havipo. Usiku ananiita nimkune."

Swali alitazama daftari lake.

"Baba yako si mtu wa umeme? Umuulize basi ilikuwaje. Mama anasema hakuna anayetuambia kitu."

"Sijui," Swali alisema.

"Sijasema unajua. Nimesema umuulize."

"Nitamuuliza."

Spoku alimshukuru. Hilo ndilo Swali alilolirudia kichwani njia nzima kwenda nyumbani.

Baba hakuwa kazini. Themanini na Sita alikuwa amemsimamisha mpaka uchunguzi uishe. Makao makuu yalimtuma mhandisi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, aliyesema maneno machache na kupima kila kitu mara mbili. Alizipima relei za laini ya pampu moja baada ya nyingine. Ya hamsini iliangusha bendera kila alipoijaribu. Kisha alileta kumbukumbu za mashine ya kituo kikuu, zilizoonyesha kwamba mkondo wa mara ya kwanza ulikuwa mkubwa kama ule wa mara ya pili.

"Relei hii ni nzima," alimwambia baba mbele ya msimamizi. "Mara ya kwanza ilipaswa kuangusha bendera, na bendera haijipandishi yenyewe. Kwa hiyo ama uliiona ukairudisha na kusahau, ama uliiona ukaamua kufunga hivyohivyo ili maji yasikatike."

"Sikuiona," baba alijibu.

"Ulikuwa na mtu chumbani?"

"Mwanangu alikuwepo. Alikuwa amekaa. Yeye hagusi kitu."

Mhandisi aliandika, akasema kikao cha mwisho kitakuwa Ijumaa.

Alhamisi jioni mama alikuwa anakunja nguo sebuleni, na kila nguo aliikunja kwa nguvu kana kwamba imemkosea.

"Sema ulisahau," alimwambia mumewe. "Kusahau si dhambi. Watakukaripia, watakukata mshahara, yataisha. Ukishikilia kwamba hukuiona, watasema wewe ni mwongo na watakufukuza. Tutakula nini, hizo namba?"

"Mama Swali, sikuiona."

"Nani anajua? Mimi nimekwambia sema ulisahau!"

"Yule mtu amepoteza mkono," baba alisema polepole. "Angalau nimwambie ukweli. Nikisema niliiona nikasahau, nitakuwa nimemdanganya. Sikuiona. Sijui ilikuwaje, na sipati usingizi, lakini sikuiona."

Swali alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala.

"Ilikuwepo," alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Bendera ya hamsini. Ilikuwepo. Mimi niliirudisha."

Mama alifika kwake kabla neno la mwisho halijatoka. Alimshika mabega akamtikisa, akapiga kelele, kisha akamwachia, akajifunika uso kwa shati lililokuwa mkononi na kukaa chini. Baba hakuinuka. Alingoja mpaka chumba kikawa kimya.

"Uliirudisha kabla sijaingia, au baada?"

"Kabla. Nilidhani umeshaisoma. Nilitaka kukusaidia."

"Nilipokuwa naongea na simu, uliposikia nasema ishirini na saba peke yake, ulijua kwamba zilikuwa mbili?"

Swali alitamani kulijibu swali jingine lolote duniani.

"Ndiyo, baba."

Baba aliinamisha kichwa. Swali hakuwahi kumwona akilia, na hata sasa hakumsikia. Aliona tu mgongo wake ukipanda na kushuka. Alipoinua uso, alisema maneno mawili: "Vaa viatu."

Mhandisi alikuwa bado kituoni, anakusanya vifaa vyake. Themanini na Sita alikuwa naye. Baba alieleza kwa ufupi. Msimamizi alimgeukia baba.

"Mzazi akibanwa, mtoto anaweza kufundishwa la kusema," alisema. "Samahani, bwana, lakini mimi sijaona."

"Basi tuone," mhandisi alisema. Akampeleka Swali mbele ya kabati. Laini ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Mhandisi aliangusha bendera zote mbili kwa kifaa chake cha kupimia. "Nionyeshe ulichofanya. Usinieleze, nionyeshe."

Swali alikaa kwenye stuli. Akashuka, akaenda, akasukuma kitufe cha hamsini, akapeleka kidole kuelekea ishirini na saba, akasimama, akarudi mbio.

"Kwa nini hukuimaliza ya pili?"

"Nilisikia viatu kwenye kokoto."

Mhandisi alimwomba msimamizi atembee nje kutoka kwenye breka mpaka mlangoni. Walisimama kimya ndani, wakasikiliza. Kokoto zilisikika vizuri kabisa.

Msimamizi aliporudi, alivua kofia. "Nimeona," alisema.

Mhandisi alivuta kiti akaketi, macho yake yakawa sawa na ya Swali.

"Nitakwambia kitu, na sitakipunguza kwa sababu wewe ni mtoto. Kusukuma kile kitufe lilikuwa kosa la kutojua. Watu wazima wamewahi kufanya makosa kama hayo, na ndiyo maana kuna kanuni. Lakini ulipomsikia baba yako anataja bendera moja, pale ulikuwa unajua. Relei hufanya kazi moja tu: ikijua jambo, inasema. Haingoji kuona kama itasifiwa au itagombezwa. Ungesema 'baba, zilikuwa mbili', ungegombezwa, na fundi baiskeli angekuwa na mikono miwili. Umesema leo. Kusema kwako leo kumeokoa jina la baba yako. Mkono hakuurudishi. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na utaishi nayo yote mawili."

"Kosa la kwanza ni langu," baba alisema. "Sikuzisoma bendera kabla ya kutoka, na nilimwingiza mtoto mahali pasipo pake. Yaandike hayo pia."

"Nimeshayaandika," mhandisi alijibu.

Ijumaa kikao kiliamua. Baba hakufukuzwa, na iliandikwa wazi kwamba hakusema uongo. Lakini aliondolewa chumba cha udhibiti, akahamishiwa stoo kutoa na kupokea vipuri. Tangu siku hiyo ikawa amri kwamba bendera zisomwe kabla ya jambo lolote, na mwendeshaji na mlinzi wa zamu waziangalie pamoja kabla hazijarudishwa. Shirika lilikubali kwa maandishi kwamba waya ulikuwa umeanguka kabla umeme haujarudishwa na kwamba fundi hakuwa na kosa lolote, likachukua jukumu la matibabu yake.

Jumapili baba alimchukua Swali wakaenda nyumbani kwa fundi baiskeli. Fundi alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, mkono uliofungwa bendeji ameuegemeza kwenye mto. Baba alieleza tangu mwanzo, hakuruka kitu. Kisha akamwambia Swali aseme sehemu yake mwenyewe. Swali alisema. Spoku alikuwa amesimama mlangoni na alisikia lote.

Fundi alimgeukia Swali.

"Mwanangu," alimwita Swali, "uliogopa nini siku ile?"

"Niliogopa kukatazwa kwenda kukaa pale."

"Pale kwenye kiti?"

"Ndiyo, baba."

Fundi alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Mimi niliwaogopea wale watoto wenye madumu," alisema. "Kila mtu ana linalomtisha. Lakini siku nyingine ukiogopa, mwanangu, uliza kwanza: nikinyamaza, nani ataumia? Haya, nendeni salama. Nimechoka."

Baba alimwinamia, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili. Swali alimgeukia Spoku. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya hesabu, Spoku alimwomba mwalimu abadilishiwe dawati. Mwalimu aliuliza sababu, Spoku hakuitoa, na mwalimu hakumlazimisha. Swali aliinuka kumpisha apite. Spoku alichukua mkoba wake, akahamia dawati la mbele, karibu na dirisha.